Siku wingu likinyesha: kompyuta za kukodi kwa mwenye biashara asiye fundi

Mzee mmoja mwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi pale Gerezani, Dar es Salaam, aliniita nimpitie hesabu za mwaka. Mimi ni mhasibu, kompyuta kwangu ni kitendea kazi tu. Siku hiyo kijana wake wa TEHAMA alikuwa amemwekea mezani pendekezo la kurasa kumi na mbili: mfumo wa mauzo na stoo uhamie "kwenye wingu". Mzee alilisoma lote, mstari kwa mstari, akavua miwani, akaniuliza: "Sasa mwanangu, siku hilo wingu likinyesha, hesabu zangu zitamdondokea nani?"

Kijana alicheka. Nami nilicheka, kisha tukatazamana, maana hakuna kati yetu aliyekuwa na jibu la haraka.

Tangu hapo nimelisikia swali hilo kwa sura nyingine nyingi: kwa mwenye shule, kwa mwenyekiti wa SACCOS, kwa mama anayesambaza vifaranga mikoa mitatu. Wengi huliuliza pembeni, kikao kikishakwisha, kwa sababu kikaoni kila mtu anatikisa kichwa na hakuna anayetaka kuonekana mshamba. Halafu wanasaini.

Jina lenyewe lilianza kama mchoro

Zamani mafundi wa mitandao wakichora ubaoni jinsi kompyuta zinavyounganishwa, ile sehemu ya katikati ambayo hawakuhitaji kueleza ina nini ndani waliichora kama wingu. Maana yake ilikuwa: hapa kuna mambo mengi, lakini hayatuhusu kwa sasa. Mchoro ukawa jina, na jina likaingia sokoni. Leo watu wazima na akili zao wanaamini taarifa zao zinaelea angani, au zinapita kwenye setelaiti.

Hakuna kinachoelea. Kuna jengo la zege, lenye uzio, walinzi, majenereta, na viyoyozi vinavyonguruma usiku na mchana. Ndani yake kuna safu za makabati yaliyojaa kompyuta zisizo na skrini. Hizo kompyuta ndizo seva, na jengo ndilo kituo cha data. Kuhamia kwenye wingu maana yake ni kwamba mfumo wako na taarifa zako vinakaa kwenye kompyuta za mtu mwingine, ndani ya jengo la mtu mwingine, wewe unavifikia kwa intaneti na kulipia kadiri unavyotumia. Tena unaweza kuongeza au kupunguza kompyuta hizo mwenyewe, kwa dakika chache, bila kumpigia mtu simu. Hicho kipande cha mwisho ndicho kinacholitofautisha wingu na ule upangaji wa seva wa zamani. Seva iliyo chini ya meza ya mhasibu wako si wingu, hata kama unaifungua kwa simu ukiwa Morogoro.

Majengo yenyewe yako wapi? Wenye soko kubwa ni kampuni tatu za Marekani: Amazon, Microsoft na Google. Kwa muda mrefu mteja wa Afrika Mashariki alikuwa anatumia vituo vyao vya Ulaya. Microsoft ilifungua vituo Johannesburg na Cape Town mwaka 2019, Amazon ikafuata Cape Town mwaka 2020, na Google ikafungua Johannesburg mwaka 2024. Nyumbani tuna Kituo cha Taifa cha Data pale Kijitonyama, na vipo vya kampuni binafsi Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa. Ipo hata kampuni inayoendesha vituo vya data Tanzania, Ethiopia na Djibouti ambayo jina lake ni Wingu, kwa Kiswahili hichohicho.

Na kama umbali unakutisha, kumbuka M-Pesa. Ilianza Kenya mwaka 2007, lakini kwa miaka mingi seva zake zilikaa Ujerumani, zikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Mtu aliyeko Gikomba akimtumia mamake Machakos shilingi mia mbili, hesabu ya pesa hiyo ilikuwa inafanyika Ulaya, na mama anapata ujumbe kabla hajamaliza kufunga mlango. Umbali peke yake haukuwa tatizo. Tutaona tatizo liko wapi.

Viti mia tatu

Hakuna mtu anayenunua viti mia tatu kwa sababu binti yake anaolewa Jumamosi. Anakodi viti, turubai na masufuria, na Jumapili gari linakuja kuvichukua.

Ila kwenye kompyuta, kwa miaka mingi, biashara zilikuwa zinanunua viti mia tatu. Ulikuwa unanunua seva inayotosha siku yenye watu wengi kuliko zote, halafu siku nyingine zote inakaa kama ukumbi mtupu, inakula umeme na kuzeeka. Fikiria tovuti ya kutangaza matokeo ya mitihani. Siku moja nchi nzima inaifungua ndani ya saa moja, wazazi, watoto, shangazi na majirani wenye umbea. Miezi inayofuata inatembelewa na wachache tu. Ukinunua kompyuta za siku ile umetupa fedha, na ukinunua za siku za kawaida, siku ile itazimika.

Amazon ilianza kukodisha nafasi ya kuhifadhi taarifa Machi 2006, na kompyuta zenyewe Agosti mwaka huohuo. Kuna hadithi inayopendwa sana kwamba walikuwa wanakodisha kompyuta zilizobaki baada ya msimu wa Krismasi. Wahusika wenyewe wameikanusha, na ukiifikiria kidogo haina mantiki: ikirudi Krismasi, wapangaji ungewapeleka wapi?

Tukibaki kwenye harusi, ngazi za huduma hizi pia zinaeleweka. Ngazi ya kwanza unakodi vifaa vitupu: viti, turubai, masufuria, kuni. Wapishi ni shangazi zako, na pilau likiungua ni lenu. Kwenye wingu hii ni kukodi kompyuta tupu na nafasi ya kuhifadhi, na mafundi wako wanafunga programu, wanazitunza, wanaziba nyufa. Ngazi ya pili unakodi jiko kamili lenye moto, maji na vyombo vilivyokwishaoshwa, wewe unaleta mapishi yako tu. Huku ndiko mafundi wanaotengeneza mfumo mpya hupenda kukaa, maana hawashughuliki na kuni. Ngazi ya tatu unakodi ukumbi wenye kila kitu: chakula, mapambo, muziki, mpaka MC. Unaingia umevaa. Barua pepe ya ofisi unayolipia kwa kila mfanyakazi, programu ya uhasibu unayoifungua kwenye kivinjari, mfumo wa mishahara wa kulipia kwa mwezi, vyote ni ngazi ya tatu.

Wafanyabiashara wengi wa kati wanahitaji ngazi ya tatu, basi. Mtu akikuuzia ya kwanza, muulize shangazi zako ni akina nani. Nimeona kampuni yenye wafanyakazi kumi na wanne ikikodi kompyuta tupu kana kwamba ni benki, na fundi mmoja tu anayejua funguo ziko wapi. Fundi huyo akapata kazi Dubai.

LUKU au bili ya maji?

Wauzaji hupenda kusema wingu ni kama LUKU: unalipa kadiri unavyotumia. Maneno ni ya kweli, lakini mfano umekosewa mahali panapouma.

LUKU unanunua kwanza, kisha unatumia. Uniti zikiisha taa zinazimika, na giza lenyewe ndilo linalokulinda usitumie usichonacho. Wingu kwa kawaida linafanya kazi kama bili ya maji. Mita inazunguka mwezi mzima, hakuna anayekukatia, na mwisho wa mwezi karatasi inakuja. Bomba likipasuka chini ya ardhi nyuma ya nyumba, huoni tope, huoni chochote, unaona bili.

Tuseme seva moja ya kawaida inakodishwa kwa senti kumi za dola kwa saa. Senti kumi! Kijana wako anafungua tatu za majaribio Jumatatu, anamaliza kazi Jumatano, anasahau kuzifunga. Mwaka una saa 8,760. Kila moja itakula dola 876, na zote tatu zitakula dola 2,628 kwa kufanya kazi ya kutokuwa na kazi. Hakuna aliyeiba. Bomba lilipasuka tu, na mwenye nyumba hakuwa anasoma mita.

Dawa yake ipo na ni rahisi, ndiyo maana inanikera kuona watu hawaitumii. Watoa huduma wote wakubwa wana sehemu ya kuweka kikomo cha tahadhari: bili ikifika kiasi fulani, ujumbe unatumwa. Sharti langu ni moja tu, ujumbe huo uje kwa mwenye fedha au mhasibu wake, usiishie kwa fundi peke yake. Jua pia kwamba tahadhari hiyo kwa kawaida inapiga kelele tu, haifungi bomba. Kufunga ni kazi yenu.

Halafu kuna dola. Wewe unauza mabati kwa shilingi, lakini ankara ya wingu mara nyingi inakuja kwa dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160 za Kenya, na mwisho wa mwaka huo ilikuwa chini ya 130. Bili ileile ya dola elfu moja ilianza mwaka ikiwa kama shilingi 160,000 na kuumaliza ikiwa chini ya 130,000, na hakuna aliyegusa kitu kwenye mfumo. Safari ile upepo ulikuwa wa nyuma. Bajeti nzuri inapanga pia siku utakapokuwa wa mbele, na inaweka kodi ya ongezeko la thamani mahali pake, maana huduma za kidijitali zinazonunuliwa nje nazo zinatozwa.

Kilemba

Waliowahi kutafuta fremu Kariakoo wanajua kilemba, zile fedha unazotoa kabla hata ya kodi ya pango ili tu uingie. Wingu halina kilemba cha kuingia. Kupakia taarifa zako ni bure au karibu na bure, mlango uko wazi, karibu sana. Kilemba chake kiko kwenye kutoka.

Watoa huduma wakubwa hutoza fedha kwa kila kipimo cha taarifa kinachotoka kwenye vituo vyao kwenda nje. Kwa duka lenye ankara na orodha ya bidhaa ni fedha ndogo. Kwa mwenye studio ya video, au hospitali yenye picha za miale za miaka kumi, hesabu inabadilika. Mwaka 2024 Google, Amazon na Microsoft, mmoja baada ya mwingine, walitangaza kuondoa tozo hiyo kwa mteja anayehama moja kwa moja. Tozo ya kila siku kwa anayebaki ipo palepale.

Na kilemba kikubwa kuliko hicho hakiandikwi kwenye ankara yoyote. Mfumo ukijengwa kwa vifaa maalumu vya mtoa huduma mmoja, kuuhamisha ni kama kuhamisha nyumba uliyoijengea kwenye kiwanja cha mwenzako. Mabati utayang'oa, ukuta utauacha. Netflix, kampuni ya filamu yenye mafundi wa kutosha kujaza uwanja, waliamua kuhamia kwa Amazon baada ya hifadhidata yao kuharibika Agosti 2008, wakashindwa kutuma DVD kwa wateja kwa siku tatu. Walimaliza kuhama Januari 2016. Atakayekuambia mfumo wa kampuni yako yote utahama wikendi moja, mpe chai, mshukuru, msindikize mpaka getini.

Wapo pia walioondoka. Dropbox walijenga vituo vyao na kuhamishia huko sehemu kubwa ya mafaili ya wateja, wakaokoa karibu dola milioni 75 kwa miaka miwili ya 2016 na 2017 ikijumlishwa. Kampuni ya programu iitwayo 37signals, iliyotumia dola milioni 3.2 kwenye wingu mwaka 2022, ilitangaza inanunua seva zake yenyewe. Mifano hii hutumiwa sana na wanaolipinga wingu, lakini iangalie vizuri: wote wawili wana mzigo mkubwa, usiopanda wala kushuka sana, na wana mafundi wao wa kuubeba. Mtu mwenye harusi kila Jumamosi ya mwaka anunue viti vyake. Hapo sina ubishi.

Mlinzi wa getini halindi fremu yako

Sasa tufike kwenye hofu inayotajwa kuliko zote: "Taarifa zangu zikiwa kwa watu, zitaibiwa." Na upande wa pili wa hofu hiyo, imani ninayoiona ni mbaya zaidi: "Zikiwa kwa kampuni kubwa namna ile, haziwezi kuibiwa."

Fikiria tena fremu kwenye jengo kubwa la biashara. Mwenye jengo anakupa geti, walinzi, paa lisilovuja, mitungi ya kuzimia moto. Hilo ni jukumu lake na kwa kawaida analifanya vizuri kuliko ambavyo wewe ungelifanya. Lakini kufuli la mlango wa fremu yako ni lako. Ukiondoka jioni umeuacha wazi, mlinzi wa getini hatakufungia, na wala hajui nani kati ya wanaoingia ni mfanyakazi wako.

Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani, mteja mkubwa wa Amazon, ilipoteza taarifa za watu takriban milioni 100 Marekani na milioni 6 Kanada. Mwizi aliwahi kufanya kazi Amazon, lakini hakuvunja ukuta wa jengo. Alipita kwenye kizuizi ambacho kilikuwa kimepangwa vibaya upande wa benki. Kufuli la mpangaji.

Kwa biashara zetu kufuli hilo mara nyingi ni kitu cha kawaida kabisa: nywila moja inayotumiwa na ofisi nzima, imeandikwa kwenye kikaratasi kilichobandikwa ukutani. Mfanyakazi aliyeacha kazi mwaka juzi bado anaweza kuingia. Hakuna uthibitisho wa hatua mbili, ule unaokutumia namba kwenye simu. Kuyarekebisha haya hakuhitaji dola hata moja.

Kufuli ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni moto, na moto huwa unatokea kweli. Tarehe 10 Machi 2021 kituo cha kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, kiliwaka, na jengo zima likateketea. Baadhi ya wateja walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Nakala za akiba wengine hawakuwa nazo, na wengine walikuwa nazo palepale. Wengi walidhani neno "wingu" lenyewe lina maana ya nakala.

Kisa cha UniSuper, mfuko wa pensheni wa Australia wenye wanachama zaidi ya laki sita, ndicho ninachowasimulia wateja wangu. Mei 2024 mazingira yao ya faragha kwenye wingu la Google yalifutwa, kwa sababu ya kosa la mpangilio lililofanywa na mtoa huduma. Walikuwa wameweka nakala kwenye maeneo mawili tofauti, kama inavyoshauriwa. Zote mbili zilifutika, maana zilikuwa chini ya usajili uleule. Kilichowaokoa ni nakala nyingine za akiba walizokuwa wameziweka nje ya usajili huo.

Kwa hiyo, mzee wangu wa Gerezani, wingu likinyesha hesabu zako zinamdondokea yule ambaye mkataba umemtaja kuwa mwenye jukumu la nakala. Nimesoma mikataba kadhaa ya aina hii sasa. Karibu kila mara anayetajwa ni mpangaji.

Mkongo na kitabu cha anwani

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania, Kenya, Uganda na majirani zetu intaneti ikawa ya kubahatisha kwa siku kadhaa. Siku zile seva za Ulaya na Marekani zilikuwa nzima kabisa, zinafanya kazi kama kawaida. Barabara ya kwenda kwao ndiyo iliyokatika.

Hili ndilo tatizo la umbali nililoahidi kulirudia. Taarifa zako nje ya nchi zinategemea nyuzi za kioo zilizolala chini ya bahari, na nyuzi hizo zinakatika. Duka ambalo haliwezi kutoa risiti bila intaneti lilifunga, na jirani yake mwenye mfumo unaoendelea kuuza ukiwa nje ya mtandao, kisha ukapeleka mauzo intaneti ikirudi, aliuza. Swali la kumuuliza muuzaji wa mfumo ni jepesi: "Intaneti ikikatika saa nne asubuhi, mhudumu wangu wa kaunta anafanya nini?" Akianza kueleza habari za kasi ya mtandao, hajajibu.

Majengo nayo huzimika. Tarehe 20 Oktoba 2025 hitilafu kwenye vituo vya Amazon vya Virginia, Marekani, iliangusha huduma nyingi duniani kwa saa kadhaa, Snapchat na Signal zikiwemo. Chanzo hakikuwa wizi wala moto. Ule mfumo unaofanya kazi kama kitabu cha anwani, unaoziambia kompyuta nani anakaa wapi, ulikosa anwani ya huduma moja muhimu. Nyumba zilikuwapo, wenyeji walikuwapo, ila hakuna aliyejua njia.

Ndiyo maana ile ahadi ya "asilimia 99.9" inayoandikwa kwa maandishi makubwa isomwe kwa kikokotoo. Kwa mwaka inaruhusu kuzimika karibu saa 8 na dakika 45, bila mtu kuvunja mkataba. Zikizidi, fidia ya kawaida ni punguzo kwenye bili ijayo. Mauzo uliyokosa mkesha wa Idi hayamo.

Na sheria?

Nimesikia mtu akisema kikaoni, kwa sauti ya uhakika kabisa, kwamba sheria inakataza taarifa kutoka nje ya nchi. Mwingine akasema hakuna sheria. Wote walikosea.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Tume yake. Kenya wana yao ya mwaka 2019, na Uganda pia ya mwaka huohuo. Hizi hazipigi marufuku moja kwa moja kupeleka taarifa za watu nje, zinaweka masharti: kujisajili, kuwa na sababu halali, kuhakikisha zinakokwenda zinalindwa, na mahali pengine kupata kibali. Rwanda, kwa sheria yao ya 2021, wamekaza zaidi: kuhifadhi taarifa binafsi nje ya nchi kunahitaji idhini. Sekta kama benki na afya zina wasimamizi wao wenye masharti yao. Mwenye duka la mabati anaweza kudhani hayamhusu, mpaka akumbuke ana majina, namba za simu na madeni ya wateja elfu mbili kwenye mfumo wake. Hizo ni taarifa binafsi, na mbele ya sheria mwenye dhamana nazo ni yeye. Mwenye seva amekabidhiwa tu mzigo.

Kwa hiyo muulize mtoa huduma kituo kiko nchi gani. Asikujibu "wingu". Jibu ni jina la mji.

Kilichotokea Gerezani

Mzee alilirudisha pendekezo kwa kijana likiwa na alama mbili za kalamu nyekundu. Kamera za ulinzi, ambazo kijana alitaka zirekodi moja kwa moja kwenye wingu saa ishirini na nne, alizikata. Picha zile ni nzito, hazina mtu wa kuziangalia mpaka kuwe na wizi, na diski ya dukani inatosha. Mfumo wa mauzo na stoo aliukubali, kwa sababu ana tawi Chanika na amechoka kupiga simu kuuliza misumari imebaki mingapi. Pembeni, kwa mwandiko wake wa shule ya zamani, akaandika: "Mvua?"

"Mzee, hili nalo niliandikie?" kijana akauliza.

"Hilo ndilo la kuandika. Mengine nimeshayasoma."

Baada ya wiki mbili kurasa zilikuwa kumi na tatu. Ule wa mwisho ulikuwa na nakala ya kila usiku inayoshushwa kwenye diski na kufungiwa ndani ya kasha la fedha, jina la atakayejaribu kuirudisha kila mwezi kuona kama inafunguka, tahadhari ya bili inayoingia kwenye simu ya mzee na yangu, na makadirio ya siku ngapi na shilingi ngapi za kuhama wakichoka. Mzee aliusaini huo kwanza, kisha akarudi ukurasa wa kwanza.